Mgeni wa Saa Kumi na Mbili Jioni

Heini Tolvanen alipanda njia ya kutoka ziwani akiwa amejifunga taulo, nywele zikimdondoka maji, mumewe Jarkko nyuma yake na ndoo tupu. Walikuwa wanacheka. Jarkko alikuwa ameteleza gatini akatumbukia kabla hajajiandaa, na mwanamume wa kilo mia akitumbukia ziwa la mwisho wa Septemba hupiga ukelele unaosikika ng'ambo ya pili. Ilikuwa Jumamosi, saa moja na robo jioni. Sisi watu wa kando ya ziwa hili la Höytiäinen hatuna saa ya raha kuliko hiyo ya kutoka sauna, kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke, na nasema hivyo ili mjue balaa liliwakuta wapi.

Mezani jikoni kulikuwa na vikombe viwili vya kahawa. Mzee Oiva, baba yake Heini, alikuwa ameketi mbele ya kimoja, amechana nywele, shati limefungwa vifungo hadi shingoni kama mtu aliyepokea wageni.

"Kulikuwa na mtu hapa, baba?"

"Mwanamke mmoja. Mtu mzuri sana, ana adabu. Amekula pai mbili, akasema hajapata kula pai kama za mama yako."

Mama yake Heini alikuwa amefariki Februari. Pai zilitoka dukani. Lakini kila walipomkumbusha mzee kwamba mkewe hayupo tena, alilia upya kama anaambiwa kwa mara ya kwanza, na mwishowe Heini na Jarkko wakakubaliana wasimkumbushe. Akisema mama anapika, anapika. Akisema yuko kwa jirani, haya, yuko kwa jirani.

"Alitaka nini huyo mwanamke?"

"Alikuja kukutafuta wewe. Nikamwambia hupo, umesafiri kwenda mashindanoni Uswidi."

"Baba!" Taulo lilimponyoka, akaliwahi. "Mimi nilikuwa sauna! Wewe ndiye uliyewasha moto!"

Mzee akamtazama. Macho yake yalikuwa ya buluu, matulivu. "Nani yuko Uswidi?" akauliza.

Heini alitoka mbio miguu mitupu kwenye changarawe hadi kwenye gari, simu ilikuwa humo inachajiwa. Namba asiyoijua ilikuwa imepiga mara moja, saa kumi na mbili na dakika hamsini na sita. Akakaa kwenye kiti cha dereva na taulo lake, mlango wazi, miguu nje. Jarkko alipofika alimkuta ameikodolea macho simu.

"Ni wale?" akauliza Jarkko.

"Ni wale."

"Ya ngapi hii?"

"Ya tatu, Jarkko. Unajua kabisa ni ya tatu."

*

Wanaoishi na bingwa, kama Heini alivyokuwa bingwa wa kukimbia thelujini kwa ski, zile mbao ndefu za miguuni, na kulenga shabaha kwa bunduki, wanaijua sheria hii kuliko wanavyojua sala. Kila siku ya Mungu, mwanamichezo wa ngazi yake anaandika saa moja na mahali ambapo wapimaji wanaweza kumkuta bila taarifa, wachukue mkojo na damu, waone kama anatumia dawa za kuongeza nguvu. Wasipokukuta ndani ya saa hiyo, umeandikiwa kosa. Makosa matatu ndani ya miezi kumi na miwili, basi, unahesabiwa sawa na mla dawa. Miaka miwili nje. Haijalishi kama maisha yako yote hujameza hata kidonge cha mafua bila kumpigia daktari wa timu.

La kwanza lilikuwa siku mama yake alipokata roho. Heini alikuwa hospitalini Joensuu ameshika mkono wa maiti, mpimaji anagonga nyumbani. Angepinga, lingefutwa, walimpa siku kumi na nne za kupinga. Aliitia barua kwenye droo. Nani ana nguvu za kuandika barua wiki ya maziko? La pili lilikuwa Juni, kambini. Walihamishwa kibanda namba sita wakapelekwa namba tisa, akasahau kubadilisha anwani aliyoandika. Uzembe wake huo, mwenyewe alikiri.

Na sasa hili. Kwa Jumamosi alikuwa ameandika saa kumi na mbili hadi saa moja jioni, nyumbani, kwa sababu Jumamosi jioni yeye hana pengine pa kuwa. Akaandika anwani ya nyumba. Kwamba sauna iko chini ziwani, mita mia tatu kupitia msituni, hakuandika. Hebu niambieni, nani katika nchi hii anaandika kwamba Jumamosi jioni yuko sauna? Ni kama kuandika kwamba utakuwa unapumua.

Barua ilikuja siku ya tisa. Ripoti ya mpimaji ilikuwa imeambatishwa. Jarkko aliisoma kwa sauti, mkono mmoja kichwani.

"'Nilipokelewa na mzee aliyejitambulisha kuwa baba yake. Nilimwuliza kama binti yake yumo ndani, akasema hapana. Nilimwuliza kama yuko sauna, akasema hapana, amesafiri Uswidi kwa basi la klabu. Nilisubiri jikoni hadi saa moja kamili. Mzee alikuwa mkarimu na alionekana mwenye akili timamu.'" Akaiweka chini. "Saa nzima, Heini! Amekaa saa nzima anakunywa kahawa yetu, na sisi tuko hapo chini tunajimwagia maji!"

"Usipige kelele. Atasikia."

"Na asikie! Asikie japo mara moja!"

Mzee Oiva alikuwa sebuleni anajaza fumbo la maneno la mwaka juzi. Alisikia sana.

*

Habari ilivuja kabla haijatangazwa, kama kawaida. Jumatatu Heini aliingia dukani kununua maziwa na mkate wa shayiri, akakuta ile picha yake kubwa ya tangazo la kampuni ya maziwa, ile ya bunduki mgongoni na chupa ya maziwa mkononi, imebanduliwa mlangoni. Mabaki ya gundi yalikuwa bado yananata. Mwenye duka, Mama Irja, aliyemjua tangu ananunua peremende kwa kusimama kwa ncha za vidole, alijitia kushughulika na mashine ya risiti.

"Wale wa maziwa wamepiga simu, mwanangu," alisema bila kuinua uso. "Si mimi. Mimi ningeiacha."

"Naelewa."

"Watu wanasema mengi. Mimi nawaambia, Heini hawezi. Lakini nao wananiuliza, kama hakula kitu, kwa nini alijificha?"

"Sikujificha, Mama Irja. Nilikuwa naoga."

Wanaume wawili waliosimama kwenye rafu ya bia wakacheka kidogo, wakajikohoza. Heini akalipa maziwa, mkate akausahau.

Jioni Lasse, kiongozi wa klabu yao ya ski, akapiga simu. Alizunguka weee, akauliza hali ya mzee, akauliza hali ya hewa kana kwamba wao hawakai kijiji kimoja. Mwisho akatoa. Alhamisi asiende kuwafundisha watoto kulenga. Wazazi wawili watatu wameuliza. Ni kwa muda tu.

"Watoto ishirini na wawili, Lasse. Nimewafundisha kushika bunduki mmoja mmoja."

"Najua, Heini. Usifanye iwe ngumu kwangu."

Alikata simu, akaingia chumba cha kuhifadhia ski, akakaa juu ya sanduku la nta ya kupaka ski. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Machi inayokuja mashindano ya dunia yalikuwa yanafanyika hapo hapo kwao, uwanjani alikojifunzia, kilomita nane kutoka jikoni kwake. Alikuwa amepanga iwe mara yake ya mwisho. Akimaliza mbio za mwisho, avue ski mbele ya watu wake, awapungie mkono, arudi nyumbani azae kama Mungu atajalia. Hicho tu alichokuwa anakitaka duniani. Alilia kwa kujifunika mdomo na kitambaa cha kung'arishia ski, mzee asisikie.

*

Wakili Backman alikuwa mwanamke wa Helsinki mwenye ulimi mwepesi, na hakupenda kupoteza muda.

"Lile la kwanza hatuwezi kulirudia, muda umepita. La pili ni lako. Tunalo la tatu tu," alisema kwenye simu. "Ulikuwa mahali ulipoandika, au karibu yake. Aliyempotosha mpimaji ni baba yako. Kama baba yako ni mzima, ameficha kwa kujua, na kamati itasema familia yako ilikusaidia kukwepa. Kama ni mgonjwa, ni bahati mbaya, na bahati mbaya haina adhabu. Unanielewa?"

"Hajapimwa."

"Mpimeni."

"Hajui kwamba anasahau."

"Heini, unataka kushindana Machi au hutaki?"

Jarkko aliposikia alikasirika. "Yaani ili wewe upone, mzee atangazwe kichaa?"

"Si kichaa. Mgonjwa."

"Mwambie hivyo yeye. Mtu aliyefundisha nusu ya kijiji hiki kulenga! Akipewa cheti hicho, siku hiyo hiyo watamnyang'anya leseni ya gari na bunduki zake za kuwindia paa. Kitabaki nini hapo? Shati na vifungo?"

"Na mimi kitabaki nini, Jarkko? Niambie. Wataandika jina langu kwenye orodha na wale wanaojidunga sindano. Watoto watakaozaliwa wataulizwa shuleni, mama yenu si yule mla dawa?"

Jarkko akaenda nje kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Walimwambia mzee wanampeleka Joensuu kupimwa macho. Daktari alikuwa kijana mpole. Akamwomba akumbuke maneno matatu, nyumba, paka, ndimu. Akamwomba achore saa yenye mishale. Mzee alichora duara zuri sana, la mkono usiotetemeka, kisha akaandika namba zote kumi na mbili upande mmoja, zimebanana. Akaitazama kazi yake. Alijua kuna kitu hakiko sawa lakini hakukiona, akageuka kumtazama binti yake amsaidie, kama mtoto mbele ya mwalimu. Heini akaangalia dirishani.

"Na yale maneno matatu, mzee wangu?"

"Macho yangu hayana shida," alisema Mzee Oiva. "Twende, Heini. Mama yako atakuwa ameshatenga."

*

Kesi ilisikilizwa Helsinki, mwanzoni mwa Novemba. Walikwenda kwa treni wote watatu, maana kamati ilisema karatasi ya daktari haitoshi. Mpimaji aliandika mzee ana akili timamu, basi na aletwe wamwone wenyewe. Backman aliapa kwamba hilo ni jema kwao. "Watazungumza naye dakika tano," alisema, "na watajionea."

Njia nzima mzee alikuwa na furaha. Alidhani wanakwenda mashindanoni. Aliuliza mara nne bunduki iko wapi, na mara nne Heini akamwambia imetangulia na timu.

Chumba kilikuwa kidogo, chenye meza ndefu na jagi la maji. Kamati ilikuwa watu watatu, katikati mwenyekiti, mama wa makamo aliyepata kuwa hakimu. Backman alieleza mambo ya sauna, akaeleza giza na msitu ulio katikati, kisha akafungua bahasha akaanza kusoma cheti.

"'Mgonjwa hawezi kuweka kumbukumbu mpya. Hajui tarehe. Hawezi kuaminiwa kutoa taarifa sahihi kuhusu...'"

"Nani huyo?" akauliza Mzee Oiva.

Backman akaishusha karatasi.

"Nimeuliza, nani huyo asiyejua tarehe?"

"Baba, kaa."

"Sikai." Alikuwa ameshasimama, koti la suti la maziko ya mkewe likimning'inia mabegani. Alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Mnanisoma mimi? Mnanisoma kama ng'ombe wa mnada, na mimi nipo hapa hapa?"

Mwenyekiti alikuwa mtu mwenye huruma, hilo nalisema kwa haki. Akamwambia taratibu, "Mzee Oiva, hakuna anayekudharau. Tunataka kukusikia wewe mwenyewe. Unamkumbuka vizuri binti yako, kazi yake?"

Loo! Laiti angeuliza kingine chochote.

"Namkumbuka?" alisema mzee. "Mama, ngoja nikwambie. Alishika bunduki akiwa na miaka tisa. Ilikuwa ya upepo, nzito kumshinda, nikamchongea kitako cha mbao ya mti wa mbetula. Risasi tano za kwanza alipata mbili. Alilia. Nikamwambia lia, ukimaliza tunapiga tena. Akiwa na miaka kumi na sita, ubingwa wa vijana huko Vuokatti, akilenga amelala tano kwa tano, akilenga amesimama nne. Ile moja aliyoikosa ilikuwa ya tatu, alivuta kabla hajatoa pumzi. Miaka ishirini na miwili, huko Antholz, ushindi wa kwanza mkubwa. Alianza na namba arobaini na moja kifuani, jua limeshalainisha theluji, ski zinanata, hakuna aliyemtia maanani. Waliomaliza kabla yake wanajisherehekea huko mbele, wanapigwa picha, mara huyo anakuja! Miaka ishirini na mitano, ubingwa wa dunia, mbio zile ndefu ambazo ukikosa risasi moja unaongezewa dakika nzima. Ishirini kwa ishirini. Ishirini! Kocha wa Wajerumani alivuka uzio kuja kunipa mkono, mimi, mzee wa kijijini, na sikujua Kijerumani hata neno."

Hakuna aliyemkatiza. Mjumbe wa kushoto, aliyewahi kuwa mkimbiaji, alikuwa ameweka kalamu chini.

"Na Olimpiki," mzee akaendelea, sauti imeshuka. "Anaingia kulenga mara ya mwisho anaongoza kwa sekunde kumi na nane. Tatu za kwanza, zote. Kisha kibendera cha upepo kikageuka. Nilikiona. Nilikuwa jukwaani, mita mia, nikapiga kelele kama mjinga, atanisikiaje? Akakosa mbili za mwisho. Akawa wa nne. Alinijia akasema, baba, sikutazama kibendera. Sikumjibu. Nilimvisha koti tukaenda kula. Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Unataka na ya miaka ya katikati?"

"Ni sahihi?" mwenyekiti akamwuliza Heini.

"Kila neno," alisema Heini. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. Hakuwahi kusikia maisha yake yakisimuliwa hivyo, kwa mfululizo, na mtu aliyeyapenda. Huku yeye akisikiliza, Backman alikuwa anapiga kidole mezani, maana aliona kesi inavyozama.

"Basi, mzee, ile Jumamosi," alisema mwenyekiti. "Mpimaji alipokuja. Ulijua binti yako yuko wapi?"

"Sauna. Ningekosaje kujua? Moto niliuwasha mwenyewe."

"Mbona ulimwambia yuko Uswidi?"

Mzee akamshangaa. "Ningemwambia yuko sauna, angemngoja mlangoni, au angeteremka kumgongea. Mtoto ametoka kukimbia kilomita thelathini. Amekaa na mumewe. Mtu akiwa sauna haitwi, mama. Hata mfalme akija, atangoja. Nikaona nimpe jibu aondoke zake. Hakuondoka, nikampa kahawa." Akawatazama wote watatu mmoja mmoja. "Nyinyi mngefanyaje?"

Mjumbe wa kulia akaandika. Iliwezekana kabisa kwamba mzee siku ile alijua, na iliwezekana kwamba alikuwa ameisikia habari hii ikigombaniwa jikoni wiki sita akaitungia sababu. Mimi sijui. Yeye mwenyewe hakujua. Lakini ilisikika kama kweli ya mtu mwenye akili zake.

Backman akaomba dakika mbili. Akamvuta Heini dirishani, Jarkko akawafuata.

"Wamemwamini," alinong'ona. "Tumekwisha. Limebaki swali moja tu. Mwulize mzee, mama yako yuko wapi. Atasema yuko nyumbani anapika, mimi natoa cheti cha kifo, nacho ninacho hapa, na kila alichosema kinakuwa maneno ya mgonjwa. Uliza wewe. Nikiuliza mimi atashtuka."

"Hapana," alisema Jarkko. "Heini, tazama huku. Hapana. Atalia mbele yao. Ataambiwa mkewe kafa mbele ya watu asiowajua, kwa ajili ya mashindano."

"Si kwa ajili ya mashindano!"

"Kwa ajili ya nini basi?"

"Kwa ajili ya jina langu." Alikuwa anahema. "Kesho kutwa atakuwa amesahau. Kila kitu anasahau, Jarkko. Hata hili atalisahau. Mimi sitasahau kamwe."

"Mke wangu, nakuomba."

Heini akarudi mezani. Alitoa pumzi nusu, akabana nyingine, kama alivyofundishwa na yule yule aliyekuwa mbele yake.

"Baba," alisema. "Mama yuko wapi?"

Mzee Oiva alifungua mdomo. Macho yake yakaenda mbali, kisha yakarudi. Jagi la maji lilikuwa mbele yake, akalisogeza kidogo bila sababu.

"Mama yako amekufa," alisema. "Februari. Tulimzika ardhi imeganda, Jarkko na vijana walichimba kwa mashine." Aliongea taratibu, bila machozi, akimtazama binti yake peke yake. "Unaniuliza hivyo kwa nini, Heini? Mbele za watu?"

*

Miaka miwili. Barua ilikuja siku ya kumi, imeandikwa kwa lugha ya upole, na ilisema kwamba familia ilikuwa na taarifa zote na ilichagua kuzificha. Jioni jina lake likawa kwenye taarifa ya habari, likifuatana na picha ya ule ubingwa wa ishirini kwa ishirini, na mtangazaji akauliza kama hata ule sasa utazamwe upya. Mtu aliandika neno moja kwa rangi kwenye sanduku lao la barua barabarani. Jarkko alilikwangua asubuhi kabla Heini hajaamka, naye Heini alikuwa ameshaliona.

Chumba cha ski hakukifungua tena. Aliamka, akapika uji wa shayiri, akamvisha mzee, akasafisha nyumba iliyokuwa safi. Jarkko alikuwa anazungumza naye, lakini mambo ya kuni na mafuta ya gari tu. Mzee aliporomoka haraka baada ya Helsinki. Alisahau njia ya kwenda chooni, akasahau kufunga vifungo, akaanza kumwita Jarkko kwa jina la ndugu yake aliyekufa utotoni. Safari ya treni hakuikumbuka, wala ile kamati.

Jumamosi ya mwisho wa Novemba msimu ulifunguliwa, mbio za wanawake, moja kwa moja kwenye televisheni. Heini alitaka kuzima, lakini mzee alikuwa ameshasikia mlio wa risasi akaja kwa kuburuta miguu, akakaa, akaegemea mbele. Basi akamwachia, akakaa pembeni yake anamenya viazi kwenye bakuli. Msichana wa miaka ishirini, mwenye nafasi iliyokuwa ya Heini kwenye timu, aliingia kulenga kwa kusimama. Tano kwa tano. Watu uwanjani wakapiga mayowe.

"Anapiga vizuri huyo," alisema mzee. "Anatazama kibendera."

"Ndiyo, anatazama."

"Mimi nina binti, naye anapiga. Alikuwa bingwa."

Heini akaacha kumenya. "Yuko wapi?"

"Sijui alikokwenda." Vidole vyake vikatafuta kifungo kwenye shati. "Aliniuliza mama yake yuko wapi. Wote wamekaa, wananitazama. Alijua. Alikuwa anajua, na akaniuliza." Akageuka kumtazama mwanamke huyu anayemenya viazi, akamtazama kwa upole kama anavyotazamwa mgeni mwema. "Wewe, binti, una baba?"

"Ninaye."

"Usimfanyie hivyo."

"Sitamfanyia," alisema Heini.